Kabla Hujafungua Bushi za Mbele za Datsun 120Y

Kwanza hakikisha tatizo ni bushi, yaani ule mpira wenye bomba la chuma ndani yake, unaounganisha mkono wa gurudumu na chasisi. Datsun 120Y ikigonga mbele, washukiwa ni wengi: boljointi, tairodi, shokapu na mpira wake wa juu, hata boneti isiyofunga vizuri. Nimeona mtu kanunua seti nzima ya bushi, kumbe ni nati ya shokapu imelegea. Inua gari, chomeka nondo fupi kati ya mkono wa chini na chasisi, sukuma polepole huku mwenzako anamulika tochi. Mpira mzima unavutika na kurudi. Uliokufa unaacha chuma kicheze kinavyotaka, au utauona umemenyuka kama ganda. Barabarani dalili ni mbili: ukikanyaga breki gari linavuta upande, na ukipita tuta unasikia "ko" moja nzito chini ya miguu yako.

Stendi mbili za chuma. Si tofali, si rimu, si jeki peke yake. Tofali la saruji halikuagi likitaka kupasuka.

Nunua za pande zote mbili kwa pamoja. Kwenye gari hili kila mkono wa chini una bushi moja kwa ndani, halafu kuna fimbo inayotoka kwenye mkono huo kwenda mbele, yenye mipira miwili inayobana bati la chasisi, mmoja mbele na mwingine nyuma ya bati. Piga picha ya fimbo hiyo kabla hujagusa nati, maana vile visahani vya chuma vina mpangilio wake, na saa kumi na mbili jioni, mikono imejaa grisi, hutaukumbuka. Ukienda dukani beba ya zamani na rula. Neno "Datsun" juu ya pakiti halina maana yoyote. Pima urefu wa bomba la ndani na unene wa nje. Kwaruza mpira kwa kucha; ukitoa unga mweusi, rudisha.

Kuhusu zile bushi ngumu za poliyurethani, yaani plastiki badala ya mpira, tuelewane. Najua kuna wanaotaka kila kitu kiwe kigumu kwa sababu Shekhar Mehta alishinda Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun. Mehta alikuwa na mafundi wanamsubiri njiani. Wewe unarudi Mbagala na watoto kiti cha nyuma. Ile fimbo ya mbele lazima iyumbe kidogo kila gurudumu linapopanda, na kazi ya mpira ni kuiruhusu. Ukiweka ngumu mbele na nyuma ya bati, kinachokunjwa sasa ni chuma chenyewe, na siku moja kitakatikia penye hesi. Kikikatika wakati unafunga breki, gurudumu linarudi nyuma na usukani haukusikii tena.

Boliti za gari la miaka ya sabini zimeshaoana na kutu. Anza kuzimwagia mafuta ya kulegeza siku mbili kabla, asubuhi na jioni. Usikubali fundi achome mpira kwa gesi ili bushi itoke. Ule moshi si wa kuvuta, na mkono wenyewe unaweza kupinda kwa joto. Tumia presi, au jiliwa kubwa na soketi mbili. Ganda la nje likigoma, likate kwa msumeno wa chuma, taratibu, usifike kwenye mkono.

Sasa hili ndilo lililonigharimu. Nilibadilisha bushi za mikono yote miwili Jumamosi moja, gari likiwa juu ya stendi, matairi yananing'inia. Nikarudisha kila kitu, nikakaza boliti za ndani kwa spana niliyoiongezea bomba, nikashusha gari, nikanawa. Nilipolitazama kwa mbali pua ilikuwa imeinuka kidogo. Nikajisemea, bushi mpya hizo, zitalainika. Niliendesha kwa raha kama wiki sita. Halafu ile "ko" ikarudi, kwanza kulia, wiki iliyofuata kushoto.

Nikazivua, nikazifunga kwenye gazeti, nikaenda nazo dukani, mtaa wa Gerezani hapa Dar, nimejaa maneno. Mzee aliyeniuzia hakubishana. Alivaa miwani, akaisogeza bushi moja kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kucha kwenye mpasuko. Mpira ulikuwa umechanika kulizunguka bomba la ndani. Akachukua ya pili: vilevile.

"Kijana, ulikaza gari likiwa juu?"

"Juu, mzee. Ningeingiaje chini yake?"

Akacheka, akanirudishia bushi zangu na gazeti langu.

Bushi ya mpira haizunguki kwenye boliti. Ukikaza, bomba la ndani linabanwa na halitembei tena. Mkono unapopanda na kushuka, ni mpira wenyewe unaosokotwa kama nguo inayokamuliwa, kisha unarudi. Umetengenezwa usokotwe kidogo huku na kidogo kule, kuanzia pale gari linaposimama kwa uzito wake. Mimi nilikaza matairi yakining'inia. Kwa hiyo niliposhusha tu, mpira ulikuwa umeshasokotwa, hata usiku gari likiwa limeegeshwa, na kila tuta la Dar likausokota zaidi.

Ukiwa juu ya stendi, boliti ya ndani ifunge kwa mkono tu mpaka ishike. Funga matairi, shusha gari, likandamize pua mara tano sita, lisukume mbele na nyuma mita chache ili matairi yatulie. Hapo ndipo ukaze, kwa kiwango cha kitabu cha gari. Kama hakuna shimo la gereji, pandisha matairi ya mbele juu ya mbao nene na pana, weka kabari nyuma, vuta breki ya mkono, kisha ingia. Bushi za poliyurethani hazina shida hii, kwa sababu plastiki yenyewe huzunguka kwenye bomba lake, ila zinataka grisi ya silikoni.

Baada ya hapo peleka gari alaimenti hata kama usukani umenyooka. Usiache kalipa ya breki ining'inie kwa mpira wake, ifunge kwa waya. Kotapini za zamani usizirudishe. Watoto wakae mbali, na simu iwe mfukoni mwa mtu aliye nje ya gari, si mwako. Rudia kukagua nati zote baada ya wiki moja. Na bushi za zamani usizitupe mpaka gari limetembea, maana huenda ukalazimika kurudi dukani nazo.