Kabla hujadeklea meja, chora mishale kwanza

Nyie mnaokuja kusoma Marekani, na nyie mlioko mwaka wa kwanza mnaoambiana "tulia, muda upo", sogeeni hapa. Kwetu Bongo ukimaliza fomu foo unapangiwa mchepuo, PCB au HGL, chuo nacho kozi unaichagua kabla hata hujakanyaga geti, kwa hiyo ukifika huku ukaambiwa unaweza kukaa hata miaka miwili bila kusema unasomea nini, unaona peponi ndo hapa. Mi niliona hivyohivyo.

Ya haraka kwanza. Tarehe ya mwisho ya kudeklea, yaani kutangaza rasmi meja yako (fani kuu unayosomea), iangalie kwenye mwongozo wa chuo chako, vingi vya miaka minne wanataka uwe umeshasema mwisho wa mwaka wa pili, kama kredit 60 hivi kati ya 120 (kredit ni pointi unazokusanya kwa kila somo mpaka utoshe kuhitimu). Usichague meja kwa sababu rumeti kachagua. Ongea na edvaiza (mshauri wa masomo) wa jumla halafu ongea na wa idara yenyewe, kuna mambo yule wa kwanza hayajui kabisa. Ukiona programu imetanguliwa na "pre", kama pre-nesingi, jua uko barazani tu, kuingia ndani unaomba upya kwa GPA (wastani wa maksi zako) na maksi za anatomia na wanachukua wachache, kwa hiyo usitangaze nyumbani kwamba ushakuwa nesi.

Sasa hili la kwangu. I-20 yangu, ile fomu ya chuo inayobeba viza ya mwanafunzi, iliandikwa masomo ya jumla, nikaingia buffet: saikolojia nikaonja, historia nikaonja, hadi kufinyanga vyungu nilichukua, kredit tatu, chungu ninacho mpaka leo kimeegemea upande mmoja kama kimelewa. Kila semesta kredit zaidi ya 12, GPA nzuri, mama akipiga simu kuuliza "unasomea nini mwanangu?" namwambia bado naangalia. Mwisho wa mwaka wa pili nina kredit 61, nikaenda idara ya kompyuta kifua mbele, nimeamua.

Yule edvaiza hakubishana na mimi. Alichukua karatasi akaigeuza nyuma akaanza kuchora viboksi: somo la kwanza la kuprogramu, mshale, la pili, mshale, miundo ya data, ila hiyo haiingiliki bila hesabu fulani na hiyo hesabu inafundishwa semesta ya vuli tu, mshale tena, algorithimu, mshale, halafu projekti ya mwisho inayokula semesta mbili. Akanigeuzia karatasi akasema, "Hesabu viboksi." Semesta sita za kufuatana, ile projekti ikila mbili, na mimi nimebakiza semesta nne. Huwezi kubeba viwili kwa pamoja hata uwe na akili ya kompyuta yenyewe, kila kimoja kinasubiri kilichotangulia. Na zile 61 zangu nyingi zikawa za kujazia tu.

Mwaka mzima wa ziada, ada ya mwanafunzi wa kigeni. Baba mdogo aliyekuwa ananilipia alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Juu ya hapo I-20 ina tarehe ya kuisha, kuongezewa muda lazima uombe KABLA haijaisha, uwe na sababu ya kimasomo inayoeleweka, na uonyeshe upya kwamba hela ipo, kwa hiyo nikarudi kumwomba mtu yuleyule steitimenti ya benki. Aibu ile sitaisahau.

Kwa hiyo ile tarehe ya kredit 60 waachie wao. Chukua meja mbili tatu unazozitamani, za kila moja chora viboksi na mishale, hesabu kurudi nyuma toka siku ya kuhitimu, utaona kiboksi cha kwanza kinatakiwa lini. Uhandisi, kompyuta, nesingi, mara nyingi ni semesta ya kwanza kabisa. Historia au sosholojia una nafasi ya kuzubaa kidogo. Kama hujaamua, anza na meja yenye mnyororo mrefu wa viboksi, maana kushuka toka uhandisi kwenda historia inawezekana, kupanda ndo kunauma.

Halafu uliza msimbo wa meja, ile namba inayoitambulisha kozi. Ukimaliza unaweza kuomba OPT, ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi hukuhuku, na ukiwa na digrii ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) unaweza kuomba 24 mingine, sasa uchumi wa kawaida ni 45.0601 na haumo kwenye orodha ya STEM, uchumi wa takwimu ni 45.0603 na umo, watu wanakaa darasa moja wanatoka na bahati tofauti. Ukibadili meja waambie ofisi ya wanafunzi wa kigeni wabadilishe I-20, usisubiri wakutafute. Seniya akikwambia "mi nilifanya hivi", msikilize halafu kahakikishe, miongozo inabadilika. Na kama unahama toka komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili), uliza kwa imeili somo gani litahesabika kwenye meja na lipi ni la kujazia, majibu ya simu hayana ushahidi, wakikujibu printi, weka pamoja na pasipoti.