Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Muziki Chuoni

Vijana wanaokuja kwangu hapa Bagamoyo kujiandaa kwa usaili wa vitendo huanza kwa kuuliza ni wimbo gani utakaowafurahisha wasaili. Swali hilo huja mapema mno. Jopo linataka kujua kama una sikio, kama unashika mapigo, na kama unafundishika. Wimbo ni njia ya kuyaonyesha hayo.

Hatua ya 1: Soma tangazo la chuo mpaka mwisho

Vyuo havifanani. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, huwaweka wanamuziki, wacheza ngoma na waigizaji chini ya paa moja, ilhali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hufundisha muziki kwa ngazi ya shahada. Ukiomba nafasi ya maigizo ya muziki nchini Marekani, kwa kawaida utaanza kwa kutuma video, na utatakiwa kuimba kipande kifupi tu, mara nyingi cha bari (mafungu ya mapigo) 16 au 32, pamoja na kuigiza maneno ya mhusika anayesema peke yake. Andika daftarini muda uliotolewa, idadi ya nyimbo, na kama muziki uliorekodiwa unaruhusiwa.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo mbili na uijue do yako

Chagua wimbo mmoja wa taratibu na mwingine wa kasi. Kisha keti kwenye kinanda, au tumia programu ya kinanda kwenye simu, uimbe ukipanda mpaka sauti ianze kukazana, halafu ushuke mpaka ianze kufifia. Noti ya juu kabisa ya wimbo wako ikae angalau noti mbili chini ya kikomo chako, kwa sababu koo likikauka kwa woga, noti za juu ndizo zinazopotea kwanza.

Waimbaji waliolelewa na kwaya, ambao kwa sikio huwa wametutangulia wengi wetu, hukwama mahali pamoja: wamezoea kupewa do, yaani noti ya msingi ya wimbo, na mwalimu, kwa hiyo mpiga kinanda anapowauliza waimbe katika ufunguo gani, hutazamana tu. Andika juu ya karatasi ya wimbo, kwa herufi kubwa, kwamba do ni G au ni E bemoli (E iliyoshushwa nusu hatua), na umpe mpiga kinanda nakala safi. Kwa mwimbaji wa taarabu nashauri beti mbili pekee bila utangulizi wa vyombo, maana utangulizi huo peke yake unaweza kuumaliza muda wote.

Hatua ya 3: Zoeza sikio na mapigo kila siku

Mwombe mtu apige noti tatu au nne, nawe uzirudie kwa sauti bila kutazama kinanda. Kwa mapigo, hesabu moja mpaka sita kwa mwendo usiobadilika: mguu ukanyage kwenye moja na nne, mikono ipige makofi kwenye moja, tatu na tano. Mbili dhidi ya tatu namna hiyo imo katika ngoma nyingi za kwetu, lakini wengi huicheza bila kuweza kuitenganisha. Ukishaizoea, badilisha, mguu uchukue tatu na mikono ichukue mbili. Anayesoma solfa (do, re, mi) aanze pia kusoma nota kwenye mistari mitano, hata kama ni kwa mwendo wa kinyonga.

Hatua ya 4: Tayarisha chombo

Unyevu wa pwani hulegeza ngozi ya ngoma, na ngoma iliyolegea hutoa mlio mzito usio na ncha. Fika mapema, uianike juani au uipashe kwa moto wa makuti, ukiigonga katikati na ukingoni mpaka mlio ukaze, lakini usiikaribishe mno motoni kwa kuwa ngozi hupasuka. Gitaa litunie upya ukiwa ndani ya chumba cha usaili.

Hatua ya 5: Rekodi video

Simu isimame kwenye kitu imara, si mkononi mwa rafiki. Tafuta chumba chenye mapazia na mikeka, mbali na upepo wa bahari na bati wakati wa mvua. Wimbo mmoja urekodiwe mfululizo, bila kukata wala kuunganisha.

Hatua ya 6: Mbele ya jopo

Kula kidogo, pasha sauti kwa kuguna polepole, taja jina lako na la wimbo, kisha anza. Ukikatizwa katikati usinyong'onyee. Wasaili hukatiza wakishasikia walichotaka. Wakikuomba urudie ubeti kwa sauti ya chini, au kana kwamba unambembeleza mtoto, wanapima kama unafundishika, hivyo badilisha waziwazi, hata ikibidi noti moja iharibike.