Kura na muhtasari wa kikao cha kamati ya shule: hatua kwa hatua

Nimeandika mihtasari ya kamati za shule za msingi kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwalimu wa kumsaidia Mwalimu Mkuu kalamu, baadaye nikiwa katibu mwenyewe. Utaratibu ninaoueleza hapa ni wa shule za serikali za Tanzania Bara, ambako shule ya msingi ina Kamati ya Shule na sekondari ina Bodi ya Shule. Kote kuwili mkuu wa shule ndiye katibu. Ukiwa wa bodi, badilisha jina la chombo, kazi ni ile ile.

Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimumsingi bila ada, ruzuku ya uendeshaji inaingia kwenye akaunti ya shule yenyewe. Kiwango cha msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine zikienda kwenye vitabu. Shule yenye watoto 600 inapata kama shilingi 300,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo kwa mahitaji, na kwa sababu hiyo ugomvi wake ni mkubwa: tununue chaki au tuzibe bati? Mkaguzi akija, hataanza na stakabadhi. Ataomba muhtasari ulioidhinisha matumizi.

Hatua ya 1: Orodhesha wenye kura

Mwanzo wa kila mwaka, bandika ndani ya jalada la kauntabuku orodha ya wajumbe halali wa kamati, namba zao za simu na tarehe walipoingia. Kisha weka pembeni orodha ya wanaoalikwa. Mtendaji wa kijiji, Afisa Elimu Kata au fundi anayekuja kueleza makadirio, kama si mjumbe, anakaa, anasikilizwa, ila mkono wake hauhesabiwi. Mweleze mapema, kwa heshima, kabla ya kikao. Ukingoja wakati wa kura utamwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake.

Hatua ya 2: Andika ajenda inayoamulika

Ajenda ikisomeka "Chakula", watu watazungumza saa mbili na hamtajua mmeamua nini. Andika: "Kuamua kiwango cha mchango wa hiari wa chakula cha mchana kwa muhula wa kwanza." Mjumbe akiisoma nyumbani anajua anakuja kuamua nini, na anaweza kuwauliza majirani zake kabla hajafika.

Mambo ya fedha yaweke juu, mara baada ya yatokanayo, yaani ufuatiliaji wa maazimio ya kikao kilichopita. Nimeona ajenda ya fedha ikiwekwa ya mwisho, saa nane mchana, wakati mama mmoja ameshakimbilia gulio, mzee ameenda kuswali, na waliobaki wanataka tu kikao kifungwe. Barua ya mwito itoke angalau siku saba kabla, pamoja na nakala ya muhtasari uliopita.

Hatua ya 3: Hesabu akidi, kisha ihesabu tena

Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayoruhusu kikao kuamua, inapigwa kwa idadi ya wajumbe wote halali, si ya waliofika. Soma mwongozo wa kamati yenu uone kiwango chake. Kinachotumika sana ni zaidi ya nusu: kamati ya watu 13 inahitaji saba. Isipotimia, zungumzeni mkitaka, lakini msiamue. Andika tu kwamba kikao kiliahirishwa kwa kukosa akidi, na tarehe mpya.

Kosa la kawaida ni kuhesabu asubuhi na kuamini hesabu hiyo hadi jioni. Mimi huhesabu vichwa kabla ya kila kura. Anayetoka namwandikia saa aliyotoka.

Hatua ya 4: Hoja isomwe kwa sauti kabla ya kura

Ukibakiza hatua moja tu ya mwongozo huu, bakiza hii.

Katika vikao vyetu mambo huamuliwa kwa mazoea. Watu wanazungumza, sauti zinatulia, Mwenyekiti anauliza, "Basi tumekubaliana?" Wanajibu, "Ndiyooo." Swali ni moja: wamekubali nini? Aliyezungumza mwisho? Aliyezungumza vizuri zaidi? Kila mmoja anaondoka na uamuzi wake kichwani.

Mwaka mmoja tulijadili kama fedha iliyopatikana ianze na matundu ya vyoo vya wasichana au sakafu ya darasa la tatu. Mwenyekiti aliuliza swali lile lile, wachache wakaitikia, nami nikaandika, "Wajumbe wote walikubaliana kuanza na sakafu." Kikao kilichofuata, muhtasari ulipokuwa unasomwa, mzee mmoja alisimama taratibu, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, mimi mkono wangu niliuweka chini. Kwa nini umeuandika juu?" Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na alikuwa na haki. Wawili wengine wakasema vivyo hivyo. Saruji ilikuwa imeshanunuliwa. Tangu siku ile siandiki neno "wote" ambalo sikulihesabu.

Kwa hiyo, mjadala ukikomaa, mwombe Mwenyekiti asimamishe mazungumzo kwa dakika mbili. Andika hoja katika sentensi moja yenye nani, nini, kiasi gani na lini. Isome. Uliza kama ndivyo mtoa hoja alivyokusudia na kama kuna anayeiunga mkono. Mfano:

"Kwamba kila mzazi mwenye uwezo achangie kwa hiari kilo 18 za mahindi na kilo 5 za maharage kwa muhula wa kwanza, zipokelewe na kamati ndogo ya chakula, na mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asirudishwe nyumbani."

Akitokea anayetaka kilo 18 ziwe 15, hayo ni marekebisho. Pigieni kura marekebisho kwanza, kisha hoja kama ilivyobaki. Ukizichanganya kura hizo mbili, utapata watu waliokubali mchango wakaonekana wameukataa. Na kile kipande cha mwisho cha hoja kisiachwe: maelekezo ya serikali tangu elimumsingi bila ada ni kwamba mtoto hafukuzwi kwa ajili ya mchango.

Hatua ya 5: Piga kura kwa njia inayolingana na jambo

Mambo mengi yanatosha kwa kunyosha mikono. Mwenyekiti aulize makundi matatu, na kila kundi lihesabiwe na watu wawili: wanaoafiki, wasioafiki, wasiopiga upande wowote. Usiliruke lile la tatu. Jumla ya makundi hayo lazima ilingane na idadi ya wajumbe waliomo chumbani. Waliomo ni 11, umepata saba, watatu na mmoja: sawa. Umepata saba na watatu tu: kuna mtu hakuhesabiwa, rudia hapo hapo.

Kura ya siri itumike panapokuwa na jina la mtu, kwa mfano kumchagua mwenyekiti, kumwajiri mpishi au mlinzi, au jambo ambalo jirani atamwogopa jirani. Kata karatasi za ukubwa mmoja kutoka daftari moja, zigonge muhuri wa shule, hesabu ulizogawa, hesabu zilizorudi, na zifunguliwe moja moja mbele ya macho ya wote.

Palipo na mjumbe asiyesoma, usimlazimishe amnong'oneze mwingine. Tumewahi kutumia punje: kila mjumbe anapewa punje moja ya mahindi na moja ya maharage. Mahindi ni ndiyo, maharage ni hapana. Nyuma ya pazia la darasa kuna makopo mawili yenye vifuniko vilivyotobolewa, moja la kura na lingine la kutupia punje iliyobaki. Mwishoni makopo yote mawili yanamwagwa mezani, na jumla yake lazima iwe mara mbili ya idadi ya wajumbe. Mtu akitoka na punje mfukoni, inajulikana mara moja kwamba hesabu imepungua, na kura inarudiwa. Bibi mmoja alituambia hiyo ndiyo kura ya kwanza aliyoipiga kikaoni bila kumtazama mtu usoni.

Kura zikilingana, angalia kama mwongozo wenu unampa Mwenyekiti kura ya uamuzi. Kama haumpi, hoja haikupita na mambo yanabaki yalivyokuwa. Na kura za kwenye kundi la WhatsApp? Zitumike kupanga tarehe. Vidole gumba 14 si azimio, kwa sababu hakuna aliyehakiki ni nani ameshika simu. Jambo likiwa la haraka kweli, itisheni kikao cha dharura.

Hatua ya 6: Mwenye maslahi atoke nje

Mjumbe mwenye duka la vifaa, au ambaye mdogo wake ndiye fundi, aseme hivyo kabla ya mjadala, atoke, arudi baada ya kura. Andika: "Mjumbe Na. 6 alieleza maslahi yake, alitoka saa 5:20, akarudi saa 5:45 asubuhi." Sentensi hiyo inamlinda yeye kuliko inavyoilinda shule. Hesabu akidi bila yeye.

Hatua ya 7: Kuandika

Mwalimu Mkuu ni katibu, lakini ndiye pia anayesoma taarifa ya mapato na matumizi na kujibu maswali. Mtu hawezi kujitetea na kuandika kwa wakati mmoja. Ateuliwe mwandishi wa kumsaidia, katibu abaki na wajibu wa kusaini.

Tumia kauntabuku, si karatasi zinazopeperuka. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja na uweke saini ndogo pembeni. Usifute kwa rangi nyeupe, maana palipofutwa panazua maswali kuliko kosa lenyewe. Mpangilio unaojulikana ni huu: aina ya kikao, tarehe, mahali na saa, waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa na bila taarifa, waalikwa, kisha ajenda zikiwa na namba, na kila jambo na kifungu chake, 5.1, 5.2, ili baadaye mtu aseme "Azimio 5.2 la kikao Na. 3/2025" bila kupekua.

Muhtasari si hotuba za watu. Mimi naandika mambo manne tu kwa kila ajenda: kilicholetwa, sababu kubwa za pande zote mbili, azimio neno kwa neno kama lilivyosomwa, na hesabu ya kura. Tazama tofauti.

Muhtasari mbovu: "5.2 Wajumbe walijadili kwa kina suala la chakula na kukubaliana wazazi wachangie."

Muhtasari unaofaa: "5.2 Hoja ya mchango wa chakula ilitolewa na Mjumbe Na. 4, ikaungwa mkono na Mjumbe Na. 9. Waliounga mkono walisema watoto wa vitongoji vya mbali hukaa na njaa hadi saa tisa. Waliopinga walisema mavuno hayakuwa mazuri. AZIMIO: (sentensi nzima ya hoja). Waliopo 11, walioafiki 7, wasioafiki 3, asiyepiga upande wowote 1. Mhusika: kamati ndogo ya chakula. Mwisho: Ijumaa ya wiki ya pili ya muhula."

Anayeomba kupinga kwake kuandikwe kwa jina, mwandikie. Asiyeomba, usimtaje.

Kwa mambo ya benki, andika majina matatu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA. Tuliwahi kuandika "kikao kiliridhia kubadili watia saini wa akaunti", bila kutaja nani anatoka na nani anaingia. Benki ikaukataa muhtasari, nayo ilikuwa sahihi. Wiki tatu akaunti haikugusika, na mpishi wetu aliendelea kuja kupika kila asubuhi akiwa hajalipwa.

Mambo ya nidhamu au afya ya mwanafunzi yaandikwe kwenye muhtasari wa pekee, kwa namba yake ya usajili na si jina, na yakae kwenye jalada la siri. Muhtasari wa kawaida unasomwa na wengi na hufika hadi vijiweni.

Rasimu iwe tayari ndani ya siku tatu. Baada ya hapo kichwa huanza kuongeza yake.

Hatua ya 8: Kuthibitisha

Kikao kinachofuata, muhtasari usomwe na wajumbe waulizwe kama ndivyo ilivyokuwa. Hapa panasahihishwa kumbukumbu tu: jina, tarakimu, neno lililoachwa. Mtu akisema "sasa nimebadili mawazo kuhusu kilo 18", hayo hayasahihishwi hapa. Alete hoja mpya. Kila sahihisho liandikwe kwenye muhtasari wa leo, na la zamani lisikwanguliwe. Mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa, si wa mwisho peke yake, kwa sababu ukurasa wa katikati ndio unaobadilishwa.

Kwenye yatokanayo, pitia kila azimio na mhusika wake: limefanyika, halijafanyika, kwa nini. Azimio lisilofanyika mara mbili mfululizo nalirudisha kama ajenda kamili.

Hatua ya 9: Kutunza na kukabidhi

Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende kwa Afisa Elimu Kata, na maazimio ya fedha yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pamoja na mapato na matumizi. Karatasi za kura ya siri zifungwe kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, zikae hadi muhtasari uthibitishwe, kisha zichomwe mbele ya wajumbe wawili.

Mwalimu Mkuu akihamishwa, kauntabuku iingie kwenye hati ya makabidhiano kwa jina lake, idadi ya kurasa zilizoandikwa na namba ya kikao cha mwisho. Anayepokea azihesabu kurasa hizo mwenyewe kabla ya kuweka saini.