Jinsi ya kujua silva ni original kabla hujapigwa

Mhuri wa 925 usikuzuzue, mtu yeyote anaweza kuugonga. Nilishanunua pete yenye huo mhuri, ikang'aa wiki mbili hivi, baadae upande wa ndani ukaanza kuwa mwekundu mwekundu kama waya wa umeme uliochunwa, kumbe ni shaba imepakwa silva juu. Tangu siku hiyo sinunui bila mizani.

Hiyo 925 maana yake kwenye kila sehemu 1000, 925 ni fedha (ndo silva yenyewe), zilizobaki mara nyingi ni shaba, maana fedha tupu ni laini mno, pete ingepinda hata kwa kubeba ndoo.

Anza na sumaku. Ikinata, achana nayo. Isiponata usishangilie bado, shaba hainati, madini ya risasi hayanati.

Halafu barafu, weka kipande juu yake. Hakuna metali inayopitisha joto kuliko fedha, kwahiyo barafu inaanza kuyeyuka fasta utadhani umeiweka kwenye kitu cha moto, na ukishika upande wa pili unasikia baridi imeshafika kidoleni. Steni (chuma kisichoshika kutu) haiwezi hivyo. Ila shaba inaifuata kwa karibu sana, ina maana pete yangu ingepita tu huu mtihani.

Kipimo chenyewe ni maji. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, pima kitu kikiwa kikavu, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ning'iniza kitu chako kwa uzi kizame chote ila kisiguse chini wala pembeni (hapa ndo watu wanakosea, kikigusa chini tu namba inakuwa ya uongo), tikisa uzi mapovu yatoke, soma. Uzito mkavu gawanya kwa hiyo namba ya pili. Mfano kikavu ni 12.40, kwenye maji mizani imesoma 1.20, jibu 10.33, yaani ni kizito mara 10.33 ya maji ya ujazo uleule, hiyo inalingana na silva ya 925, inachezaga kati ya 10.3 na 10.4. Fedha tupu ni 10.49, shaba 8.96, risasi 11.34. Pete yenye jiwe au yenye uwazi ndani haipimiki hivi.

Kwenye umeme pia fedha ndo namba moja, shaba ya pili, ndo maana fedha ipo kwenye ncha za swichi na relei (swichi zinazowashwa kwa umeme), na vile vimistari vyembamba vya paneli ya sola. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani shaba iliwabana, wakaazima fedha zaidi ya tani 13,000 kutoka hazina ya serikali wakatengenezea koili za sumaku za kutenganisha urani ya bomu la nyuklia kule Oak Ridge, jimbo la Tennessee, na karibu yote ikarudi. Koili za fedha, hebu fikiria!

Silva ikiwa nyeusi usidhani ni feki, ni salfa ya hewani imeishika. Usiihifadhi na raba. Tandika foili ya alumini kwenye bakuli, weka silva iguse foili, nyunyiza kijiko cha beking soda na chumvi kidogo, mwagia maji ya moto, subiri dakika chache. Ukisikia harufu ya yai viza, hiyo ndo salfa inatoka.