Slaida za pembeni zinagonga na kupiga kelele? Anza na donge la chapati kabla ya grinda

Wakuu, kama umefunga slaida, yani zile bomba nene za kukinga mawe chini ya milango, sio stepu za kupandia zilizokuja na gari toka Japani, halafu gari limeanza kulia kama kitanda cha chuma, weka grinda chini kwanza. Kelele nyingi chanzo chake ni viwili tu, ama slaida inagusa bodi ama haijakaza vizuri kwenye chasisi. Mengine yapo ila madogo.

Gari langu ni Prado 120 ila haya yanahusu gari lolote lenye chasisi yake peke yake, Hilux, Land Cruiser, Patrol na wenzao. Bodi ya hizi gari haijaungana na chasisi moja kwa moja, imekalia raba, na raba ikishakula miaka 15 inakuwa imechoka. Ukiingia korongo kwa kukatiza, tairi moja liko juu jingine linaning'inia, chasisi inajipinda na bodi haiifuati sawasawa. Slaida imeshikwa na chasisi, kwahiyo inaenda na chasisi. Gepu uliyoiona gari likiwa limepaki kwenye sakafu ya gereji sio gepu utakayokuwa nayo kule korongoni.

Mi fundi alinifungia zikabana kabisa juu, hata kidole hakipiti, na mjinga mimi nikamsifu kwamba zimekaa kama za kiwandani. Tukatoka Mto wa Mbu kwenda Natron kupitia Engaruka, kila korongo nasikia "tok!" nyuma kushoto. Nikajua shokapu, nikabadilisha bushi, tok iko palepale. Siku nimelala chini na tochi ndo naona ule ukingo wa bati chini ya kizingiti cha mlango umechubuka rangi urefu wa kiganja na kutu imeshaanza. Hela ya bushi ndo ikaenda hivyo.

Kwahiyo kwanza sikiliza kelele inakuja lini. Ikigonga mara moja unapoingia au kutoka korongo, bodi inagusa. Ikilia kwi kwi taratibu kwenye tuta, kuna rangi au raba inasugua chuma. Ikiwa ni ngangangangaa kwenye barabara ya vumbi yenye vile vimawimbi, kama ile ya kutoka Ngorongoro kushuka Serengeti, hapo ni bolti au lile bati la kukanyagia la juu. Ikitetemeka gari likiwa limesimama, saileni tu, ukikanyaga mafuta kidogo inapotea, angalia ekzosi imegusa mkono wa slaida, yani kile chuma kinachoishikilia kwenye chasisi. Na ikipiga mluzi ukifika 80 au 90 ni upepo, hiyo nitaisema mwisho.

Sasa kipimo cha donge. Chukua unga wa ngano ukande mgumu kuliko wa chapati, tengeneza vidonge vya unene wa kidole gumba, vifunge kwenye nailoni visinate, vibandike kwa selotepu kati ya slaida na ukingo wa bodi, mbele, katikati na nyuma, pande zote mbili. Tafuta mtaro au tuta la kukatiza, pita taratibu mara tatu nne gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, maana gari tupu linadanganya. Rudi uangalie. Kidonge kilichobaki na milimita 5 au zaidi kiko salama, kilichobaki kama karatasi ndo mchawi wako. Changu cha nyuma kushoto kilikuwa kimekatika vipande viwili kabisa, cha mbele hakijaguswa.

Ukishajua pa kushughulikia, weka gari sehemu tambarare. Huhitaji kulinyanyua sana, ila ukilinyanyua weka stendi chini ya chasisi, usiingie chini kwa kuamini jeki peke yake, tafadhali. Legeza bolti ZOTE za upande huo, sio ile moja ya kwenye tatizo, ukilegeza moja slaida inabaki imejipinda na utaongeza kelele nyingine. Zikishalegea ishushe slaida kwa mkono uone matundu yanakuruhusu kiasi gani, mara nyingi inashuka milimita 4 au 5 na kazi imeisha. Isiposhuka, tanua tundu la kwenye mkono wa slaida kwa tupa ya duara kwenda juu, ili slaida yenyewe ishuke. Usiguse matundu ya chasisi. Kama tatizo ni slaida kuegemea ndani, weka bati la chuma la milimita 3 hadi 6 kati ya mkono na chasisi na utumie bolti ndefu zaidi. Lenga milimita 15 hadi 20 ya uwazi kati ya slaida na ukingo wa bodi.

Kuna mafundi watakwambia weka kipande cha tairi kati ya mkono na chasisi ili kiue kelele. Kataa. Raba inaendelea kubonyea kila siku, bolti inabaki inaelea, baada ya mwezi una ngangangaa mpya na matundu yameanza kutanuka. Chuma kwa chuma. Hata rangi nene ya unga inayochomwa ni hivyohivyo, inajibana na bolti inalegea, mi nilipiga msasa sehemu zinazokutana nikapaka praima nyepesi ya zinki basi.

Bolti ziwe daraja 8.8 kwenda juu, soma kichwani zimeandikwa. Kama hukupewa kipimo na aliyekuuzia, bolti ya M10 (unene milimita 10) isiyopakwa mafuta inakaa kwenye 45 Nm hivi na M12 kwenye 80 hivi, hiyo Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza kinachosomwa kwenye spana ya toki. Kaza ukianzia katikati kwenda pembeni, kwa raundi mbili. Halafu, hapa ndo wengi tunapokosea, kaza tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye mkono, nati ikizunguka mstari unakatika, unaona kwa tochi bila hata spana. Mke wangu bado anaidai hiyo chupa.

Kabla hujakaza mwisho, pitisha mkono nyuma ya kila mkono wa slaida. Kuna mabomba ya breki, ya mafuta na waya zinapita kwenye chasisi, hakuna hata moja linatakiwa kubanwa wala kuguswa. Linalopita karibu livishe hosi iliyopasuliwa kwa urefu. Ekzosi iachie milimita 25 maana ikipata moto inatanuka na inacheza kwenye raba zake. Wenye Prado 150 ya KDSS, ule mfumo wa haidroliki unaosimamia stabilaiza, muwe makini upande wa kushoto, kuna vali na mabomba ya haidroliki pale kwenye chasisi, usilegeze nati yoyote kule ukidhani ni ya kawaida. Na kama unachomelea badala ya bolti, toa waya wa betri, weka klempu ya earth karibu na unapochomelea, na kaa mbali na tenki.

Kisha weka jeki chini ya slaida, nyanyua taratibu mpaka tairi lianze kuwa jepesi, mwenzako akiangalia gepu. Prado yenye mizigo inavuka tani 2, kama slaida inapanda mpaka inagusa bodi, mikono yake ni myembamba na hamna washa itakayokuokoa, irudi kwa fundi iongezwe mkono mwingine. Fungua na ufunge milango yote gari likiwa limejipinda hivyohivyo.

Ile gepu uliyoipata ikijaa tope likakauka ni kama hujafanya kitu, tena linaziba vitundu vya maji chini ya kizingiti na kutu inaanzia ndani. Ukitoka safari ya matope piga maji pale kwa presha.

Mluzi sasa. Ncha za bomba zikiwa wazi, au kuna tundu lisilo na bolti, upepo unapuliza kama filimbi. Ziba ncha kwa bati la kuchomelea au kofia ya plastiki, acha kitundu cha milimita 5 upande wa chini maji yatoke. Kabla hujaziba itikise hiyo bomba, yangu ilikuwa na vipande viwili vya eletrodi vya fundi vinatembea humo ndani toka siku ya kwanza.