Abaya nyeusi ibaki nyeusi

Abaya nyeusi ikitoka kufuliwa na mabaka meupe, mara nyingi si rangi iliyopauka, ni sabuni ya unga iliyoganda kwenye kitambaa. Tumia sabuni ya maji, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 10 za maji baridi. Igeuze ndani nje, iloweke dakika 10 tu, kisha ibonyezebonyeze bila kuifikicha, hasa penye shanga au darizi. Suuza mara mbili. Mabaka yakiwa yameshaingia, tia nusu kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya mwisho. Harufu huisha nguo ikikauka. Siki isikutane kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi ya sumu. Anika kivulini, ikiwa bado imegeuzwa.

Kinachoharibu zaidi ni pasi. Abaya nyingi ni za poliesta, na moto mkali hulainisha nyuzi zikalala bapa na kung'aa. Mng'ao huo hautoki tena. Weka moto wa chini kabisa, piga upande wa ndani, na penye mshono tandika kwanza kitambaa cha pamba.