Namna ya kuihoji historia kabla hujaikariri

Nafundisha Historia sekondari hapa Bagamoyo, na kila mwaka nawapeleka wanafunzi Mji Mkongwe na Misheni wakiwa na daftari na penseli. Tarehe watazisoma darasani. Huko nataka waone jinsi maneno ya mtu mmoja yanavyopewa heshima ya elimu, na ya mwenzake yakaachwa kuwa soga za barazani. Kazi hii yeyote anaiweza, maadamu ana subira.

Anza na jalada la kitabu. Chukua Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Mna habari za ndoa, maziko, ngoma na pepo, kwa Kiswahili cha pwani yetu hii. Jaladani pana jina la Carl Velten, Mjerumani. Mwandishi mkuu wa maneno yenyewe ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kwa nini basi jina liwe la Velten? Velten ndiye aliyekuwa na cheo, serikali yake ndiyo iliyotawala pwani, na maofisa wake walihitaji kuwajua watu wanaokuja kuwatawala. Machoni pao Mtoro alikuwa wa kuulizwa tu, ujuzi wakauhesabu kuwa wa aliyeuliza. Toleo la Kiingereza la mwaka 1981 ndilo lililomrudishia jina lake jaladani. Mwenyewe alikuwa ameshafariki hukohuko Berlin, mwaka 1927. Jambo hili linaniuma, na sioni haya kuwaambia wanafunzi kwamba linaniuma.

Kwa hiyo kila kitabu unachokishika, andika mambo matatu: jina la jaladani, kinywa kilichotoa habari, na aliyelipa gharama. Yasipolingana, chimba hapo.

Misheni utaoneshwa mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, Februari 1874. Uliza nani walimbeba. Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao walitoka naye Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi hapa kwa miguu. Kaburi lake kule Westminster Abbey linasema aliletwa na mikono miaminifu, basi, majina hakuna. Yaandike wewe.

Kwa Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, nenda polepole. Wajerumani waliviita vita vya 1888 na 1889 uasi wa Waarabu. Fuata fedha. Bismarck, chansela wa Ujerumani, alitaka bunge limpe fungu la kumtuma ofisa wake Wissmann na jeshi, akavieleza vita kuwa ni vya kukomesha utumwa, na Januari 1889 wabunge wakapitisha marki milioni 2. Watu wa Pangani waliochukizwa na kampuni ya Kijerumani kupandisha bendera yake na kushika forodha hawakuingia vizuri katika maelezo hayo. Wala Bwana Heri wa Saadani na Wazigua wake.

Upande wa pili utaupata kwa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani. Aliuandika kwa herufi za Kiarabu, herufi ambazo baadaye ziliondolewa maofisini na mashuleni. Bibi yangu aliandika barua kwa herufi hizo maisha yake yote, na ukoo mzima ulimhesabu kuwa hajasoma.

Lakini usiishie hapo. Tulipopata uhuru tulimfanya Abushiri shujaa, na kweli alipigana hadi akanyongwa Pangani, Desemba 1889. Alikuwa pia na shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Taifa changa lilihitaji mashujaa, na hilo la shamba mara nyingi tunalipita haraka. Mimi namheshimu, na bado nawauliza wanafunzi: mtumwa wake angesimulia nini, na nani angemwandikia?

Ukienda kwa wazee, usikae baraza moja. Nenda kwa ukoo uliokuwa na shamba, kisha kwa ukoo uliolilima. Piga hodi, toa shikamoo, eleza ulilojia, usitoe daftari mpaka uruhusiwe. Wanawake waulize wakiwa peke yao. Mzee mmoja alinisimulia misafara ya pembe za ndovu ya babu yake mchana kutwa, kwa majina na vituo. Nyumba ya pili yake nilimuuliza bibi mmoja nyanya yake alifikaje pwani kutoka bara. Akasema, “Alikuja tu,” akaendelea kuchambua mchele, macho kwenye ungo. Nimeandika hayo mawili, ukurasa mmoja. Na wewe jibu fupi kama hilo liandike lilivyo, pamoja na tarehe. Usilijazie maneno yako, wala usimbane mtu aliyekataa kusema.

Kuhusu mtihani wa taifa, sitaki mtu afeli kwa ajili yangu. Swali likitaka sababu za vita vya Abushiri, toa zilizomo kwenye muhtasari, kwa mpangilio unaotakiwa, uchukue alama zako. Daftari la Mji Mkongwe usilitupe baada ya kidato cha nne. Kurasa za nyuma ziache tupu kwa majina utakayoendelea kuyapata.